Mganda wa Kwanza wa Bi Nakijwa

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, ni zamani hii ya juzi ambayo simu zilikwisha kuingia mifukoni, palikuwa na skimu ya mpunga iitwayo Kihora. Sogeeni. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana nikifika mwisho nitauliza, na atakayejibu "mimi sikusikia" nitamrudisha mwanzo peke yake.

Kihora iko chini ya milima. Mto ni mmoja, majaruba ya kupandia mpunga ni mengi. Na mto mmoja kwa majaruba mengi maana yake ni zamu. Leo maji ni yako, kesho ni yangu. Saa zako zikiisha lango lako linafungwa, la jirani linafunguliwa, na ukichelewa umechelewa. Ikifika saa sita usiku banio kuu, kule maji yanakotoka mtoni, hufungwa ili mto upumue, na mfereji hubaki mkavu hadi alfajiri. Hilo la banio lishikeni, tutalihitaji.

Watu wa Kihora walikuwa na desturi mbili. Ya kwanza: mtu akifiwa, hasumbuliwi na maji mchana. Mchana ana wageni, ana maziko, ana masufuria ya watu. Basi jirani hubadilishana naye zamu, "Wewe chukua yangu ya jioni, mimi nipe yako ya mchana." Hakuna aliyemkatalia mfiwa. Ya pili: mavuno yakifika, mwenye jaruba hukata mganda wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe, akampa mtu mmoja aliyefanya jaruba lile liishi. Mganda huo hauliwi wala hauuzwi. Unatundikwa ukutani kwa aliyepewa, na tangu siku hiyo wawili hao ni ndugu. Akifiwa huyu, yule ndiye wa kwanza kuingia mlangoni. Akiugua yule, huyu ndiye wa kwanza kuitwa. Wala haugawanywi. Wazee wa Kihora walisema mganda ukigawanywa unabaki majani.

Haya. Zamani za nyuma malango ya maji yalifunguliwa na walinzi, na walinzi walikuwa na mashemeji, nanyi mnayajua mambo ya mashemeji. Ugomvi ukazidi. Skimu ikaamua kila lango liwe na sanduku lenye mashine ndani, linalofungua na kufunga lenyewe, lisilo na shemeji. Programu ya masanduku hayo ikaandikwa na Elineema, fundi wa kompyuta, mzaliwa wa palepale Kihora. Fundi mzuri. Misimu ikapita, mpunga ukaiva, hakuna aliyelalamika isipokuwa walinzi wa zamani.

Halafu watu wakataka kupanga zamu kwa simu. Ndivyo watu walivyo, wakishiba wanataka na kijiti cha kuchokonolea meno. Elineema akakaa, akaandika programu mpya. Akahamisha hiki, akafuta kile, akasafisha pale, akaridhika. Malango yakawekewa pia mota mpya siku hizohizo. Mzee Mgonja, mwenyekiti wa skimu, mtu wa kanuni asiyependa mambo mawili mawili, akatoa amri.

"Programu ya zamani ifutwe kila mahali. Mafahali wawili hawakai zizi moja."

Amri hiyo alipewa Hidaya, mtunza malango wa ofisini. Hidaya akasema, "Sawa, mzee." Akafuta hapa, akafuta pale, akafuta kule. Lakini nakala moja hakuifuta. Aliiweka kwenye flashi ndogo, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Umefuta zote?" akauliza Mzee Mgonja.

"Zote."

Huo ni uongo. Uwekeni kando, tutaurudia.

Masika yakaja. Maji yakaingia chumbani kwa Elineema na kuzamisha kompyuta yake, na maandishi ya programu zote mbili yakafa humo. Hapa niseme jambo, kwa wale ambao kompyuta wanaijua kwa jina tu. Programu kwanza huandikwa kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma. Kisha husagwa, ikawa kitu ambacho mashine inakila lakini mtu hakisomi. Ni kama mahindi na unga. Ukipoteza mahindi ukabaki na unga, huwezi kuuangalia ukasema punje ipi ilikuwa mbovu. Kihora walibaki na unga mtupu. Lakini masanduku yalikuwa yanafanya kazi, kwa hiyo nani ahangaike?

Sasa ndiyo tunafika kwa mwenye hadithi.

Bi Nakijwa alikuwa mke wa Mdoe. Hakuwa na kaka wala dada, wala Mungu hakumjalia mtoto. Alikuwa na Mdoe, na Mdoe alikuwa na jaruba. Walipomaliza tu kupandikiza mpunga, Mdoe akaumwa, akafa. Bi Nakijwa akakaa eda. Mnajua eda: mwanamke haonekani mabarabarani, achilia mbali mashambani jioni. Jirani akaja, akasimama nje ya mlango, akasema kama desturi inavyotaka.

"Shemeji, mpaka eda iishe, zamu yangu ya saa moja jioni ni yako. Mimi nipe yako ya mchana."

"Mungu akulipe, shemeji."

Zamu ya kwanza ikaja. Asubuhi jirani akapita kutazama. Sanduku la Bi Nakijwa lilikuwa limewasha taa ya kijani: lango lilifunguliwa, lango likafungwa. Lakini jaruba lilikuwa kavu. Akashangaa, akaenda zake. Zamu ya pili ikaja. Taa ya kijani, jaruba kavu. Ya tatu, vilevile. Mzee mmoja wa kitongoji cha juu naye alifiwa na dada yake, akabadilishana zamu, akapata taa ya kijani na udongo mkavu. Huyo alikuwa na jaruba jingine, akaguna, akaendelea na maisha.

Mtasema, mbona hakuna aliyekwenda kukaa langoni akaona? Nyie mngekwenda? Msinidanganye. Sanduku lilinunuliwa ili watu wakae majumbani mwao. Na ambao wangekuwa na sababu ya kwenda ni wafiwa, nao ndio waliofungwa ndani na msiba.

Basi maneno yakaanza. "Lango linafunguliwa, maji yanakataa." Kesho yake, "Maji hayapendi matanga." Keshokutwa yakapata jina la mtu: "Maji yanamkimbia Nakijwa. Mume ameondoka, sasa maji. Ana nuksi yule." Wanawake waliokuwa wakimletea uji wakaanza kuuacha kizingitini na kuondoka upesi. Jambo hili hunikera kila nikilisimulia, na nimelisimulia mara nyingi.

Na kanuni ya Kihora ilisema hivi: jaruba likipasuka nyufa mpunga ukiwa ndani, kamati ilitoe kwa mwingine. Mzee Mgonja akaja kwa mjane, akakaa kwenye kigoda nje ya mlango, akazungumza akiwa ametazama upande wa pili kwa heshima.

"Hodi, Bi Nakijwa."

"Karibu, mwenyekiti. Nisamehe, sitoki."

"Najua. Pole na msiba."

"Nishapoa."

"Jaruba linapasuka, mama. Kamati itakaa Ijumaa. Kanuni unaijua."

"Naijua. Siku mnaipitisha, Mdoe alinyoosha mkono."

Mzee Mgonja akatazama miguu yake. Bi Nakijwa akaendelea kutoka ndani, sauti ikiwa ya chini.

"Jaruba mkilichukua nitalia, kisha nitanyamaza. Lakini wanasema maji yananikimbia. Hilo nitalipeleka wapi, mwenyekiti? Eda ikiisha nitatoka na uso gani?"

Mwenyekiti akainuka kigodani. Aliaga akaondoka. Bi Nakijwa akabaki analia nyuma ya mlango, naye Hidaya, aliyekuwa amefika na kikapu cha mchele wa rambirambi, akamsikia. Akakiweka kikapu chini. Akashika pindo la kanga yake. Akageuka, akaenda moja kwa moja kwa Elineema, jua likiwa utosini.

"Kaka Eli, programu ya zamani haikuwahi kumnyima mfiwa maji."

"Ya zamani haipo, dada. Mlifuta."

Hidaya akafungua pindo, akaweka flashi mezani. Elineema akaitazama, kisha akamtazama yeye.

"Si ulisema umefuta zote?"

"Nilisema. Sasa irudishe malangoni, Bi Nakijwa apate maji."

"Haitasaidia. Hii haizijui mota mpya, haitafungua hata lango moja."

"Basi tazama imepishana wapi na ile mpya."

Rahisi kusema! Elineema akaziweka programu mbili ubavu kwa ubavu, akazilinganisha herufi kwa herufi. Karibu kila kitu kilipishana. Ndivyo unga ulivyo. Ukiongeza kiganja cha mahindi ukasaga upya, chembe zote zinakaa pengine, na ukitafuta tofauti unaambiwa tofauti ni gunia zima. Elineema akashika kichwa.

Ndipo akakumbuka kuwa kuna chombo kinaitwa Pambanua. Kilitengenezwa na mtu mmoja wa Wete, Pemba, jina lake Faki, aliyekiweka wazi mtandaoni achukue atakaye. Hakina picha, hakina vitufe vya rangi. Unafungua dirisha jeusi la kompyuta, unaandika amri kwa mkono: jina la chombo, jina la programu ya zamani, jina la mpya, basi. Nacho hakilinganishi herufi. Kinatazama mifupa. Kinauliza: hatua hii inaitwa na nani, nayo inamwita nani, njia hii inagawanyika wapi, inakutana wapi? Kikishajua mifupa ya huku na mifupa ya kule, kinasema: hii ni ileile, imehama tu. Hii imeongezwa. Hii imeondolewa.

Elineema akaandika amri. Lile gunia la tofauti likapungua likawa mistari ya kutosha kusomwa kwa kikombe kimoja cha chai. Akasoma. Mstari mmoja ukasema: pale zamu zinapoingilia, imeongezwa hatua ya kujumlisha saa sita. Mwingine ukasema: kwenye njia ya zamu za kawaida, hatua hiyo imeondolewa. Na mwingine: kwenye njia ya kubadilishana zamu, ileile.

Elineema akaweka kikombe chini.

"Kimesema nini?" akauliza Hidaya.

Elineema akaurudia kuusoma ule mstari wa mwisho.

"Kaka Eli, hapo pamesemwa ileile. Si ndiyo kusema hapo ni salama?"

Sasa ngojeni niwaeleze alichokiona, maana Hidaya hakukiona, na chombo chenyewe hakikukiona. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Mashine inahesabu tangu katikati ya usiku. Kati yetu na mashine pana saa sita, na lazima mtu aziongeze. Kwenye programu ya zamani ziliongezwa njiani, mara moja kwa zamu za kawaida, mara moja kwa zamu za kubadilishana. Kwenye programu mpya Elineema aliona ni safi zaidi ziongezwe pale mlangoni, zamu zote zinapoingilia. Akaziongeza mlangoni. Akaziondoa kwenye njia ya kawaida. Kwenye njia ya kubadilishana akasahau. Basi zamu ya mfiwa iliongezwa saa sita mlangoni, ikaongezwa sita nyingine njiani. Saa moja jioni ikawa saa saba usiku. Na saa saba usiku banio kuu limefungwa! Lango lilikuwa likifunguliwa kwa uaminifu kabisa mbele ya mfereji mkavu, kisha likafungwa, kisha taa ya kijani ikawashwa. Ile ya mchana aliyochukua jirani nayo ilisogea, lakini iliangukia jioni, maji yakiwa bado yapo, naye asubuhi akakuta jaruba lake limelowa.

Pale paliposemwa ileile ndipo palipotakiwa kubadilika.

Kosa lilikuwa lake peke yake, na ni yeye peke yake aliyeliona. Nayo skimu ya jirani ilikuwa imemwita awawekee masanduku, kazi kubwa, ya kumtoa mtu kwenye chumba kinachoingia maji. Angeweza kuizima hatua ile kimya kimya. Jaruba lingelowa, Kihora wangesema nuksi imepita, naye angeendelea kuitwa fundi. Hidaya asingejua. Faki wa Wete asingejua. Mimi na nyie tusingekuwa hapa.

"Dada Hidaya," akasema, "maji hayamkimbii mtu. Mimi ndiye niliyewanyima wafiwa."

Maandishi hayakuwepo, kwa hiyo akaingia kwenye unga wenyewe, akaizima ile hatua moja. Kisha akaipa Pambanua programu hiyo na ile ya kabla hajaigusa, chombo kikasema: tofauti moja, mahali pamoja. Ijumaa ikafika, kamati ikakaa, watu wakajaa. Elineema akasimama mbele yao, akaeleza kama nilivyowaeleza, hakujipunguzia hata neno. Watu wakaguna. Mtu akatukana. Mzee Mgonja akaahirisha kikao, akasema tungoje zamu ya jioni.

Safari hii walikwenda langoni, tena wengi. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, giza halijashika vizuri. Saa moja ikagonga. Lango likanguruma, likapanda. Maji yakaingia jarubani kwa Nakijwa, yakaingia kwenye nyufa yakitoa sauti kama mtu anayekunywa kwa kiu. Jirani akakimbia hadi dirishani kwa mjane.

"Shemeji! Linakunywa!"

Mle ndani Bi Nakijwa akalia kwa sauti, na safari hii wanawake wakaingia, wakakaa, wakalia naye. Baadhi waliona haya, na ilifaa waone.

Malipo yakaja, ya kila mtu kwa upande wake. Hidaya akaondolewa kwenye malango kwa kudanganya, akapelekwa mapokezi kukaribisha wageni. Elineema, ile skimu ya jirani ikamwambia asije. Faki huko Wete hakujua lolote, akaendelea kula na kulala.

Mpunga ukashika, ukachanua, ukainama. Eda ikaisha, na mavuno nayo yakafika. Bi Nakijwa akaagiza yule mtu wa Pemba naye aitwe, naye akaja kweli, kwa boti na basi, mkononi ana halua ya Wete. Asubuhi hiyo Bi Nakijwa akaingia jarubani kwa miguu yake, akakata mganda wa kwanza, akaufunga kwa ukindu. Watu wamesimama juu ya matuta. Mzee Mgonja akasema, "Anayeona ni wake aseme. Akinyamaza leo asinung'unike kesho."

Hidaya hakungoja.

"Ni wangu, wala sioni haya kusema. Chombo cha Kaka Faki kinalinganisha vitu viwili. Ningetii amri kingelinganisha nini na nini? Nilidanganya, ndiyo, na nimeadhibiwa. Lakini kati yetu watatu, mimi ndiye niliyemsikia Bi Nakijwa analia, na nikaondoka pale kwa ajili yake. Huyu alikuwa Pemba. Huyu alikuwa amekaa kwake, anaamini kazi yake ni safi."

"Ulipoificha ile nakala," akauliza Mzee Mgonja, "ulikuwa unamfikiria Bi Nakijwa?"

"Hapana. Mdoe alikuwa mzima wakati ule. Mimi kutupa kitu kunanishinda tu."

"Na majaruba ya wafiwa yalipoanza kukauka, hukuwaza kwamba jibu liko kwenye kanga yako?"

Hidaya akakunja pindo, akalikunjua. "Niliwaza. Niliogopa kazi yangu."

"Ahaa," wakasema watu.

Faki akakohoa. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, jasho likimtoka.

"Jamani, mie mgeni, lakini mmenambia niseme. Mie Bi Nakijwa sikumjua. Kihora yenyewe sikuijua. Chombo kile nilikifanya watu wakinicheka, mke wangu akiniuliza, hicho kinaliwa na nini? Nikakimaliza, nikakiweka wazi, sikumwuliza mtu jina wala ahsante. Leo mnataka kunambia asiyejua hastahiki? Mtu akichimba kisima njiani, anamjua mpita njia?"

"Lakini kaka," akasema Hidaya, "penye kosa chombo chako kilisema ileile."

"Na ilikuwa ileile, wallahi! Chombo changu hakikuahidi hukumu, kiliahidi kweli." Watu wakacheka, naye akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Tena mie nilizaliwa peke yangu. Nimesikia mganda huu unampa mtu ndugu. Kwetu sijapata kumwita mtu dada."

"Bi Nakijwa akifiwa utakuwa wa kwanza kufika mlangoni, wewe uliye ng'ambo ya maji?" akauliza jirani.

"Sitakuwa wa kwanza," akasema Faki. "Lakini nitafika."

Wakamtafuta Elineema. Alikuwa nyuma ya watu wote.

"Na wewe?"

"Mimi sina neno, mwenyekiti. Jaruba hili nililikausha mimi."

"Basi nitakusemea," akasema Mzee Mgonja, na watu wakashangaa, kwa sababu mzee hakuwa mtu wa kusemea watu. "Mimi ndiye niliyetaka kulitoa jaruba hili kwa mwingine, kwa hiyo nina haki ya kusema. Nakala ilikuwepo. Chombo kilikuwepo. Vyote viwili vilifika mwisho vikasema ileile, vikanyamaza. Ni huyu aliyejua kwamba hiyo ileile ndiyo ubaya wenyewe. Na angelificha, jaruba lingepona, lakini Bi Nakijwa angezeeka akiitwa mwenye nuksi. Hawa waliokoa mpunga. Huyu ameokoa jina la mtu, na amelipa kwa jina lake mwenyewe."

"Mwenyekiti," akasema Hidaya, "mwizi akirudisha mbuzi, anaongezewa wa pili?"

Watu wakaangua kicheko. Elineema hakucheka.

"Dada amesema kweli," akasema.

Kicheko kikakatika. Wote wakamgeukia Bi Nakijwa, aliyekuwa amesimama na mganda kifuani muda wote huo, kama mtu aliyebeba mtoto.

"Shukrani nimewapa wote watatu," akasema, "na nitawapa mpaka nife. Lakini huu si shukrani. Huu ni mlango wangu. Mimi kaka sina, dada sina, mtoto sina, na Mdoe nimemzika. Siku mlango wangu ukiwa na msiba tena, wa kwanza kuingia ni atakayekuwa na mganda huu. Huyu alikuwa na dawa yangu akaishika kwa hofu, kisha akaitoa. Huyu alinisaidia bila kujua kama nipo. Huyu aliniumiza, akaja akasimama mbele ya watu akasema ni mimi. Ninyi mnaona ni hesabu. Mimi ndiye nitakayefungua mlango."

Akapiga hatua moja kutoka kwenye jaruba kwenda kwa wale watatu.

Mimi zamu yangu imeisha, na lango langu nalifunga hapa. Maji yaliyobaki yamo kwenye mfereji wenu. Lakini msinikalie kimya. Mpunga ule uliiva sana, mama wa watu amesimama juani, na punje zinamdondokea juu ya kanga. Wewe uliyekuwa unasinzia, anza wewe.

Je, nani alistahili?